Shuka la Nyasi

Walimwita Fagio kwa sababu shamba lake lilikuwa safi kuliko sebule za watu. Kila msimu alikusanya majani makavu, akayachoma, akabakiza udongo mtupu uliong'aa kama kipara. Mavuno yalikuwa haba, lakini usafi ulikuwepo. Na usafi, kwa bahati mbaya, hauungwi nazi.

Kaka yake mkubwa alishatoa neno la mwisho: msimu huu shamba lisipolisha nyumba, linakwenda kwa wafyatua matofali.

Ndipo Fagio akajiunga na darasa la kilimo la masista wa parokia. Mwalimu alikuwa sista mfupi mwenye mabuti ya mpira, rozari kaitia mfukoni isije ikanasa kwenye jembe.

"Usichome, baba. Zitandaze nyasi shinani mwa mboga. Ardhi nayo inataka shuka."

"Sista, watu watadhani nimekufa."

"Waje matangani, uwauzie mchicha."

Akatandaza. Majirani wakapita wakicheka: "Fagio kaisha njiti!" Akawavumilia. Kisha ikaja habari kwamba mama mkwe anakuja kuwatembelea. Majirani ni majirani. Mama mkwe ni jambo jingine. Alfajiri Fagio akashika reki, akaondoa nyasi zote upande wa barabarani. Za nyuma ya banda la kuku akaziacha. Huko mama mkwe hana safari.

Mama mkwe akaahirisha. Mvua nayo ikaahirisha. Mchicha wa barabarani ukalala chini kama mgonjwa; wa nyuma ya banda ukanawiri kana kwamba habari za ukame haukuzipata.

Sista akaja kukagua.

"Huku kalima nani?"

"Mimi, Sista."

"Na kule kulikokauka?"

"Mama mkwe."

"Lini alikuja?"

"Bado hajaja."

Sista akatazama mabuti yake kwa muda mrefu, kama mtu anayesali au anayezuia kicheko. "Rudisha nyasi," akasema. "Na huu wa nyuma ufunge mafungu, ukauze barabarani. Na usigawe bure: ndugu naye ni mteja."

Kaka mkubwa alipofika na mfyatua matofali, aliwakuta majirani wale wale wakigombea mafungu. Akachuma jani, akalitafuna, akamgeukia mgeni wake: "Bwana, kajaribu kwingine."

Mama mkwe naye akatokea, mwezi mzima baadaye.

"Mwanangu, mbona shamba chafu hivi?"

"Ndivyo lilivyo, mama."

"Haya, nipe mafungu matatu."

Fagio akataja bei.

"Ghali hivyo? Punguza!"

Mkewe, mlangoni, akashika kichwa. Fagio akapunguza kidogo, kidogo sana.