Treni za Kalemie Katika Nyumba ya Buyenzi

Burundi haina reli. Watu waliokuja kwangu kushonesha nguo, wakakuta treni zimepangwa juu ya kabati, wengi wao hawakuwahi kuona treni ya kweli. Waliangalia treni, wakaniangalia mimi, halafu wakauliza kwa adabu kama ni za watoto. Nilikuwa najibu kwamba ni zangu. Wengine walicheka, wengine walinionea huruma, na mmoja aliuliza kama treni inapofika mwisho wa njia inageuka kama gari au inarudi kinyumenyume.

Mimi nilizaliwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa mashinisti, dereva wa treni ya moshi, na njia yake ilikuwa ile ya Kalemie mpaka Kabalo, inayofuata mto Lukuga na kupita Niemba na Nyunzu. Akikaribia mji alipiga honi kwa namna yake, na mama akisikia alikuwa anaweka maji ya kuoga motoni. Kila mashinisti alikuwa na honi yake, na kila mke aliijua ya mume wake. Kisha nikaolewa na Mrundi, karani wa bandari ya Bujumbura. Nilivuka ziwa nikahamia kwenye mji mzuri, wenye barabara pana na mikate mizuri, ila hauna treni. Mtu anaweza kukosa sauti kama anavyokosa chumvi. Hutambui kinachokosekana, unajua tu kwamba chakula hakina ladha.

Treni ya kwanza niliipata kwa mama mmoja wa Kizungu wa mtaa wa Kibenga, niliyekuwa namshonea mapazia. Rais alipouawa na vita vikaanza, wageni wengi walifunga mizigo. Nilikwenda kuchukua kitambaa kilichobaki, nikamkuta amekaa sakafuni katikati ya makatoni. Mbele yake kulikuwa na kichwa cha treni kirefu kama mkono wangu, cha chuma, cheusi, na magurudumu yake mekundu yanazunguka. Alisema kilikuwa cha marehemu mume wake, na kwamba yeye mwenyewe hakukipenda hata siku moja. Nilikishika, nikaanza kumwonyesha: hapa moto, hapa maji, hapa ndipo baba alikuwa anasimama. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akakivingirisha ndani ya pazia nililomshonea mwenyewe, akanipa.

Baada ya hapo nikawa mtafutaji. Vitu vya wageni walioondoka vilimwagika sokoni kwa wauza caguwa, yaani mitumba, pamoja na nguo zao kuukuu, na katikati ya vikombe na vitabu mara nyingine kulikuwa na behewa au kipande cha reli. Wauzaji walinizoea. Nilikuwa nachagua sana. Waliniletea treni ya siku hizi ya Ulaya, ndefu, pua kama ya samaki, nikaikataa. Nilitaka tu zile ambazo mtu akizipaka rangi na kuzikata hapa na pale, zingeweza kupita Nyunzu bila watu kushangaa.

Mume wangu hakunikataza. Alikuwa mtu mpole, lakini alisema lake.

"Mama watoto, mutu mukubwa kama we, na treni za mutoto."

"We uko na timu yako ya mupira," nilimwambia. "Mi niko na treni."

"Timu inashinda."

"Yako? Ilishinda lini?"

Tulikuwa tunakaa Mutakura wakati huo. Sitaandika hapa ni nani aliyemfukuza nani katika mitaa ya kaskazini, kwa sababu walioishi pale wanajua, na sisi tulikuwa na majirani tuliowapenda pande zote mbili. Asubuhi moja risasi zilianza upande wa juu wa mtaa na watu wakaanza kukimbia kuteremka. Mume wangu alibeba cherehani kichwani, mimi nilibeba mtoto wa mwisho na kushika wakubwa mkono. Treni zilibaki kwenye kabati ndani ya makatoni ya sabuni. Sikuzikumbuka hata kidogo. Nilizikumbuka tu tulipokwisha kupata chumba Buyenzi, kwa mama mmoja mjane wa Kiislamu aliyetupangisha bila kutuuliza kabila wala dini, na nikaona aibu kuzililia wakati watu walikuwa wanalilia watoto wao.

Wiki kadhaa baadaye, palipotulia, wanaume wachache walirudi kuangalia nyumba zao. Mume wangu alikwenda nao. Alirudi mchana, suruali ina matope mpaka magotini. Aliniambia mabati yameng'olewa, milango imeng'olewa, hata kabati halipo. Kisha akaomba beseni na sabuni. Nilidhani anataka kunawa. Akatoa mfukoni behewa moja la mizigo, limepondeka ubavuni, halina magurudumu ya nyuma. Alikuwa amelikuta kwenye mtaro nje ya ua wetu. Alikaa kwenye kiti kidogo akaliosha taratibu kwa mswaki wake, pembe kwa pembe, akalipangusa kwa shati, akaliweka mezani mbele yangu.

"Ni hii tu iliobaki," alisema. "Nilitafuta sana."

Tangu siku ile sikumsikia tena akiziita treni za watoto.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa fundi. Buyenzi ni mtaa wa mafundi, kila uchochoro una karakana ya magari, na pembeni mwa karakana moja alikaa fundi bati aliyetengeneza taa za mafuta, ndoo na mbabula, majiko ya makaa. Ambargo ilikuwa imeanza, nchi jirani zimefunga mipaka, na kila kitu kilitengenezwa kutokana na kitu kingine. Mume wangu aliweka lile behewa mbele yake, akasema mke wake anataka magurudumu mapya, na baada ya magurudumu anataka treni nzima.

Fundi aligeuza behewa juu chini.

"Mi sijaonaka treni, mama," alisema. "Inakata kona namna gani, na hii mafungu yote?"

Nilimchorea kwa kijiti mchangani. Nilimwelezea jinsi mabehewa yanavyoshikana, kila moja likilifuata lenzake kama watu walioshikana mikono gizani. Alielewa mara moja. Lakini kichwa cha treni kilimshinda kwa muda mrefu. Cha kwanza kilifanana na birika, cha pili na jeneza. Niliviweka vyote viwili kabatini, kwa sababu alivifanya kwa moyo. Cha tatu, alichokitengeneza kwa makopo ya mafuta ya msaada na bomba la baiskeli, kilipokuja, nilikaa chini. Nilikipaka kijani mwenyewe, kama nilivyoikumbuka treni ya baba. Miaka ile, kati ya milio ya mabomu milimani na foleni za sukari, ukuta mzima wa chumba chetu ulijaa rafu zenye njia ya Kalemie.

Kisha vita vikawaka tena Kongo, na baba akaja.

Mama alikuwa amekwisha kufariki. Baba alipanda mtumbwi wa mashine kutoka Kalemie mpaka Uvira, akakaa kwa watu huko, halafu akavuka mpaka kwa miguu pamoja na wauza samaki. Mume wangu alimpokea mpakani Gatumba. Alipoingia mlangoni kwangu sikumtambua haraka. Yule mtu mpana, mwenye mikono ya chuma, alikuwa amekauka kama mbao. Nilimnawisha miguu, nikampa uji, na kwa furaha ya kijinga nikavuta pazia nililozikingia vumbi ili aone ukuta.

Aliangalia. Mkono wenye kijiko ulisimama.

"Mama," aliniambia, maana tangu utoto wangu aliniita hivyo, jina la mama yake, "hizi vitu, zifunike."

"Baba, ni yako. Ni njia yako."

"Zifunike."

Nilirudisha pazia. Kwa miezi mingi alikaa kwenye kiti chake akiupa ukuta ule mgongo. Alikula vizuri, aliwasaidia wajukuu hesabu, aliongea na mama mwenye nyumba habari za mvua. Lakini mtu akitaja reli, alitoka nje. Nilishona chini ya pazia lile kila siku, na mara nyingi nilitamani kuziondoa zote nizigawe. Mume wangu alinizuia.

"Ngoja," alisema. "Muzee bado hajafika. Mwili ndio ulifika."

Fundi hakujua lolote la haya. Nilikuwa nimesahau kwamba nilimwagiza kichwa kingine kabla ya baba kuja. Alasiri moja alikuja nacho, hakunikuta, nilikuwa nimepeleka nguo kwa mteja. Niliporudi nilisimama mlangoni. Fundi alikuwa amepiga magoti, na kile kichwa cha treni kilikuwa juu ya mapaja ya baba.

"Muzee, wanasema we ndo ulikuwaka unaendesha," fundi alikuwa anasema. "Mi nafanya tu kwa kusikia. Niambie wapi nilikosea."

Mikono ya baba ilikuwa pembeni, haigusi. Nilitaka kuingia kuomba radhi, lakini nikabaki mlangoni. Kisha akainua kidole kimoja, akakiweka nyuma ya kichwa kile, mahali pa dereva.

"Hapa kuko nafasi ya mutu moja," alisema. "Tulikuwaka wawili."

"Nani wa pili?"

"Mwenye kutia makaa."

Ndipo akaanza kumwambia fundi, mtu asiyemjua, yale ambayo hakuniambia mimi. Yule mwenzake wa kutia makaa alikuwa amefanya naye kazi maisha yote. Baba alipostaafu, mwenzake huyo, aliyekuwa mdogo kwake kwa umri, alibaki kazini, akawa mashinisti. Vita vilipofika, askari walimlazimisha kuwapeleka kuelekea Nyunzu. Alikuja kwa baba kumwuliza afanye nini. Baba alimwambia aende, maana treni hawawezi kuiendesha wenyewe na kwa hiyo hawatamgusa. Reli ilikuwa imeharibiwa mbele. Hakurudi.

"Mi ndo nilimwambia wende," baba alisema.

Fundi akasema, "Muzee, kama ungemwambia abaki, wangemwacha?"

Baba alifikiri. Alifikiri kweli, niliona usoni, kama mtu anayesoma kipimo cha mvuke. "Apana," alisema mwishoni. "Wangemwuwa palepale nyumbani, mbele ya muke wake."

Akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia, na tulipompoteza mama sikuwepo. Fundi hakuondoka wala hakumgusa. Alingoja, na baba alipomaliza kupangusa uso kwa kofia, fundi alichukua kile kichwa cha treni akasema, "Basi mi naenda kupanua hapa nyuma, waenee wawili."

Kesho yake asubuhi baba aliuliza karakana iko wapi.

Alikaa kule karibu kila siku kwa miaka iliyofuata. Alipewa kiti chini ya kivuli cha lori bovu, na wawili wale walibishana kuhusu kila msumari. Nilivuta pazia, na halikurudishwa tena. Baba alipita ukuta mzima akiwa ameshika mikono mgongoni, kama mkaguzi, akasimama mbele ya kichwa changu cha kijani.

"Hii rangi ulitoa wapi?"

"Ilikuwaka ya kijani, baba. Mi nakumbuka."

"Ya kijani ilikuwa mabehewa. Kichwa kilikuwa cheusi. We ulikuwaka unaangalia mabehewa, sababu ndani mulikuwaka ndizi za Niemba."

Tulikipaka cheusi pamoja. Wakimbizi wa Kalemie na Nyunzu waliosikia habari walianza kuja Jumapili baada ya misa. Mama mmoja aliyekuwa anauza samaki wakavu madirishani mwa treni alitazama kwa makini akatuambia kwamba tumesahau behewa la mwisho, lile walilokuwa wanapandia wao wachuuzi. Baba alikubali kosa. Fundi alilitengeneza juma lile, na yule mama alipoliona alilibusu kabla ya kulirudisha mahali pake.

Kongo ilipotulia, baba alianza kuuliza bei ya mchele Kalemie, na nikajua. Nilimwomba abaki. Alisema nyumba yake ina mabati bado, na kaburi la mama halina wa kulipalilia. Mume wangu alimtafutia nafasi kwenye boti ya mizigo. Pale bandarini baba na fundi walishikana mikono muda mrefu. Mimi nilimpa blanketi na chumvi.

Tulikaa bila habari zake mpaka mvua zikaisha. Halafu baharia mmoja wa boti ileile alikuja nyumbani akiwa na mfuko wa dagaa ambao baba alimwachia. Alisema mzee ni mzima. Alisema reli imetengenezwa kidogo na treni ya kwanza ilifika stesheni ikiwa na wanajeshi wa amani na magunia, na mji mzima ulitoka kuiangalia. Mzee alikwenda moja kwa moja mbele, akawaamkia vijana wa mashine, akawauliza kama wanajua mahali udongo unapolegea kabla ya Niemba. Hawakujua. Wakampa mkono, wakampandisha.

"Na alirudi lini?" mume wangu aliuliza.

Baharia alicheka. Alisema boti yake iling'oa nanga asubuhi iliyofuata, na mzee alikuwa bado yuko njiani.