Useme Ilikuwa Dharura

Ukitaka kununua mlango, tazama dirisha. Hiyo ndiyo elimu yote aliyokuwa nayo Mama Milango, na ilimtosha. Nyumba ikibomolewa popote mjini, yeye alifika vumbi halijatulia, akaipita milango ya mbao ngumu kama hajaiona, akaenda kuuliza bei ya madirisha yaliyooza. Mwenye mali akishajichosha kuyasifia madirisha yake, Mama Milango anaguna, anageuka aende zake, kisha anasema kama mtu aliyekumbuka jambo njiani: "Na yale mabao pale, unayatupa?" Kwa njia hiyo alikuwa ameujaza uwanja mzima, milango imeegemeana kama walevi.

Kuuza nako kulikuwa na elimu yake. Mlango uliovunjwa hujulikana ubavuni, pale kitasa kilipong'olewa. Fundi wake seremala aliliziba pengo kwa gundi na unga wa mbao, akapiga msasa, akapaka vanishi, na mlango ukasimamishwa ule upande mbaya ukitazama ukuta. Mteja asipouliza haambiwi. Akichunguza sana anaulizwa yeye: "Kwani unanunua mlango au unauposa?"

Watu walicheka, wakalipa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mwenye uwanja wote ule hakai kivulini na wenzake, anakaa kwenye kigoda kule mwisho, katikati ya makopo ya thina, mahali ambapo harufu peke yake inakutoa machozi. Mwenyewe alisema anayalinda makopo yasiibwe.

Makopo ndiyo yaliyokuwa yakimlinda yeye.

Mtoto wake wa kwanza, msichana, alikuja kwa vita. Mama alisukuma mpaka akaona nyota mchana kweupe. Mtoto akavutwa kwa mashine, na mama akachanika kutoka mbele hadi nyuma. Mkunga aliyemshona alikuwa na wazazi wengine wanaomwita chumba kile kile. Alishona kama anayefunga gunia, akasema, "Utapona, wote wanapona." Mtoto alipona. Mama akajikuta akicheka, mkojo unatoka. Akipiga chafya, unatoka. Akishika upande mmoja wa mlango na fundi ashike wa pili, unatoka, na siku mbaya hautoki mkojo peke yake.

Hakumwambia mtu. Sokoni mtu akishaujua udhaifu wako, amekushika. Wewe utaomba bei, yeye ndiye atakayeipanga. Na mwanamke anayenuka hapangi bei kabisa. Basi alijifunza kufunga vitambaa, kuvaa nguo nyeusi, kunywa maji kidogo kama ndege. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na aliporudi nyumbani mke aliamka kabla yake. Mume akiwa safarini, Mama Milango alilala na binti yake kitanda kimoja, na asubuhi godoro likaanikwa uani.

Ua ule ulikuwa wa mama mkwe, na madirisha ya mama mkwe yalitazama huko huko.

"Mjukuu wangu, wewe kikojozi mpaka lini?" bibi aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka jirani. "Utaolewa na nani, na godoro lako mgongoni?"

Msichana alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa akilipigapiga godoro kwa fimbo, hakuinua uso.

Mimba ya pili ilipoingia, Mama Milango alikwenda kwa daktari, mwanamke mkavu asiyetabasamu ovyo, na kwa mara ya kwanza akauonyesha ule upande uliotazama ukuta. Daktari alimpima, akanawa mikono, akaketi.

"Ulishonwa vibaya," alisema. "Ukizaa kwa njia ya kawaida huenda ukatoka salama. Huenda pia kilichobaki kikachanika, na hapo hutazuia chochote. Tunaweza kupanga upasuaji mapema, kabla ya uchungu. Lakini nao si mchezo: kuna kutoka damu, kuna kidonda, kuna mimba zinazofuata kuwa na mashaka. Mimi sikuuzii kitu, nakueleza."

"Ungekuwa unaniuzia, daktari, ningeshaomba upunguze."

Daktari nusura acheke. "Kilichopo huenda kikashonwa upya baadaye, ukimaliza kuzaa. Kwa sasa uchague. Na mumeo aje atie sahihi. Ndiyo kanuni ya hapa, siipendi, lakini ndiyo iliyopo."

Sahihi ya mume ilikuwa mkononi mwa mama mkwe. Mtu mzima anayeendesha lori la matairi yasiyohesabika, akifika mbele ya mama yake hawezi kuchagua hata kiti cha kukalia. Basi kikao kikawekwa sebuleni kwa bibi. Mama mkwe alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Mwanawe amekaa karibu na mlango kama mgeni.

"Wanawake wa siku hizi mnataka kuzaa bila kuzaa," alisema mama mkwe. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe utaujuaje umelala kama gogo, watu wanakupasua?"

"Mama, sikatai uchungu. Nakataa hasara."

"Hasara gani? Mimi nimewazaa wote kwa nguvu zangu, na nyumba hii hajapasuliwa mtu. Nitakwenda kuwaambia nini wenzangu kikundini? Kwamba mke wa mwanangu kachagua tarehe, kama anayekwenda kusuka nywele?"

Hapo Mama Milango angeweza kusema. Neno moja tu kuhusu godoro. Lakini alishazoea: anayeuza haambii kwa nini anauza, anayenunua haambii kwa nini ananunua. Alitazama dirisha.

"Tatizo lako ni upasuaji, mama, au ni watu?"

Mkono wa mama mkwe ulisimama juu ya ungo. Naye hakuwa mjinga. Alijua bei ikitajwa.

"Dharura ni jambo la Mungu," alisema taratibu. "Mtu akipasuliwa kwa dharura, watu wanamwonea huruma. Anayejipeleka mwenyewe wanamcheka."

"Basi iwe dharura."

"Na iwe dharura mpaka kaburini. Asije akajua mtu. Si jirani, si ndugu, hata wifi yako. Siku utakayosema ulichagua, nyumba hii huna mama."

"Nimekubali."

"Wewe umesikia?" mama mkwe alimuuliza mwanawe.

"Nimesikia, mama," alisema dereva, na ndiyo sentensi pekee aliyoitoa siku ile.

Mama Milango alirudi chumbani akijiona ameshinda. Hakutoa mali wala hakupiga magoti. Alitoa maneno tu, na maneno anayo tele. Alisahau alichokuwa akiwaambia wengine kila siku: kitu ukikipata rahisi mno, kigeuze, kitazame nyuma.

Siku ya miadi, begi lilikuwa limeshapakiwa na teksi iko kona ya barabara, imeagizwa tangu jana. Mama Milango alikuwa ananyoosha nguo ya mtoto kwa pasi. Mama mkwe akachungulia uani, akaona majirani wapo wa kutosha, akavua viatu, akatoka mbio barabarani mikono kichwani.

"Jamani njooni! Damu! Mkwe wangu anakufa!"

Wanawake waliacha ndoo zao. Mmoja akaangua kilio papo hapo. Mama Milango akalazimika kuizima pasi, kushika tumbo na kuyumbayumba mpaka kwenye teksi, huku mama mkwe akimnong'oneza sikioni, "Guna basi, guna, mbona unatembea kama unakwenda dukani?"

Akaguna. Kwa kule kuguna, mkojo ukamtoka.

Mtoto akatoka salama, wa kiume, mzima kama ng'oma. Mama naye hakuchanika tena; alichokuwa nacho akabaki nacho. Kidonda kilimla kwa wiki kadhaa: kukohoa kisu, kuinuka kitandani kisu. Uwanjani fundi aliuza milango mizuri kwa bei ya kuni. Mama Milango hakulalamika. Alijua hakuna mlango wa bure.

Kilichomchosha ni hadithi. Wageni walikuja kumpongeza, na mama mkwe ndiye aliyesimulia. Kila kundi likija, hadithi inaongezeka. Mara kitovu kilimzunguka mtoto shingoni. Mara daktari alilia. Mara moyo wa mama ulisimama, na bibi akauombea ukarudi. Mama Milango alilala pale akisikiliza uzazi wake mwenyewe kama habari za mtu wa mbali, na wanawake wakimpapasa mkono: "Pole shoga, Mungu ni mkubwa." Huruma ile ilikuwa tamu kidogo, tusiseme uongo. Hata wateja walipunguza ubishi.

Kisha wifi yake akapata mimba.

Huyu alikuwa mdogo wa mume wake, msusi mwenye saluni yake, mdomo mwepesi na kicheko cha kusikika barabarani. Walipendana bila kuambizana. Mimba yake ilikuwa ya kwanza na tumbo lilikuwa kubwa mno. Alikwenda kwa daktari yule yule, akaambiwa maneno yanayofanana: mtoto ni mkubwa, nyonga ni ndogo, njia ya kawaida inawezekana, upasuaji nao unawezekana, chagua.

Akaja jioni moja, akakuta mke wa kaka yake ananyonyesha sebuleni kwa bibi, na bibi mwenyewe yupo na ungo wake.

"Wifi, nataka kukuuliza, na usinifiche. Wewe ulipopasuliwa, ilikuwa dharura kweli? Maana yule daktari mimi nimemwona, si mtu wa kulia."

Ungo ulinyamaza.

"Kwa nini unauliza?"

"Naogopa, wifi. Nataka kuchagua. Mume wangu anasema nikimwonyesha mtu mmoja tu wa ukoo aliyechagua, akawa mzima, atakwenda kutia sahihi. Mtu mmoja tu."

Mama mkwe alimtazama mke wa mwanawe kama mnunuzi anavyomtazama muuzaji aliyekwisha kulipwa.

Mama Milango alikuwa na sifa moja ambayo hata maadui zake sokoni hawakumnyima: akishakubali, hageuki. Mtu akija na bei nzuri zaidi baada ya mkono kushikwa, anamfukuza. Sifa hiyo ndiyo iliyomjengea uwanja. Na sifa hiyo ndiyo iliyofungua mdomo wake.

"Ilikuwa dharura."

"Kwa hiyo hakuna aliyechagua kwetu."

"Hakuna."

"Unaona?" alisema mama mkwe, maharage yakaanza kulia tena. "Jikaze, mwanangu. Mimi mama yako nilikuzaa kwa kujikaza."

Kesho yake Mama Milango alipita mbele ya saluni. Benchi lilikuwa limejaa wateja, wifi anacheka na kitana mdomoni. Alipunguza mwendo. Akajiambia kwamba wengi huzaa vizuri, jambo ambalo ni kweli. Na kwamba daktari ameshamweleza, jambo ambalo pia ni kweli. Kwa kweli hizo mbili akaendelea na safari yake.

Wifi alizaa kwa nguvu zake, na vigelegele vikapigwa. Mtoto alikuwa mkubwa, mzuri. Mama mkwe alizunguka mtaa mzima: "Damu yangu hiyo! Kasukuma mwenyewe!" Wenzake wa kikundi wakamfunga shingoni kitenge kipya.

Miezi ikapita, saluni haikufunguliwa. Kicheko hakikusikika barabarani. Watu wakasema uzazi umemtuliza.

Siku moja, jua kali, wifi akaja uwanjani. Alikuwa amevaa nguo nyeusi. Chini ya kivuli palikuwa na viti, na fundi alimvutia kimoja: "Karibu dada, keti hapa pana upepo." Hakukaa. Alisimama akinusa, macho yakatembea kwenye milango yote mpaka kule mwisho. Akaenda moja kwa moja kwenye makopo ya thina, akaketi juu ya kigoda. Mama Milango alikuwa bado amesimama na tepu ya kupimia mkononi. Akamfuata.

Akavuta kopo, akakaa naye. Binti yake Mama Milango, aliyekuja uwanjani baada ya shule, alikuwa akitenga bawaba zilizopinda na zile nzima, mbali kidogo nao.

"Lile godoro," alisema wifi. "Hakuwa mtoto."

"Hakuwa mtoto."

"Na ulichagua."

"Nilichagua."

Wifi alitikisa kichwa kama mtu anayesikia bei. Hakulia. Mtu akishafikia kukaa kwenye thina, machozi anasingizia thina.

"Mama alikulipa nini unyamaze?"

"Sahihi ya kaka yako."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Wewe! Wewe unayejua kununua!" Wifi alicheka kidogo, akasita ghafla, akayabana magoti, na kicheko kikaishia hapo. "Ulipunjwa, wifi yangu. Tumepunjwa wote."

Mama Milango akainama, akauzungusha mtandio wake kiunoni mwa wifi, akafunga fundo ubavuni, kwa mkono wa mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi.

Mteja mmoja aliingia, mzee nadhifu, akasimama mbele ya mlango uliopakwa vanishi mpya. Akaupiga kwa kiganja, akaridhika.

"Huu mwisho bei gani, Mama Milango?"

Fundi alishaanza kutabasamu. Mama Milango akaenda, akaushika mlango kwa mikono miwili, akaugeuza ubavu ulioelekea ukuta ukatazama jua.

"Huu ulivunjwa," alisema. "Tumeuziba tu. Haufungi vizuri, na hautafunga."

Mzee alimtazama, akaitazama ile gundi, akaaga haraka kama aliyeona kisichomhusu. Fundi akabaki ameachama. Msichana aliacha bawaba zake, akasimama, akimtazama mama yake na shangazi yake kwa zamu, akingoja kuambiwa jambo.

"Njoo hapa, mwanangu," alisema Mama Milango. "Njoo ukae karibu yetu."

Msichana akaja, akaziba pua.