Jibu la Nyuma ya Pazia

Watu wa mtaa wao hapo Msambweni walimsifu sana Mwanatumu kwa subira. Mume amekufa ghafla, presha imempanda akiwa anavaa viatu aende kazini, na mjane hakupiga ukelele hata mmoja. Aliulizwa sanda inunuliwe wapi, akasema popote. Aliulizwa wali wa hitima upikwe kiasi gani, akasema mtakavyoona. Wanawake wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa heshima. "Mwenzetu ana imani," wakasema.

Hawakujua walichokuwa wakikitazama. Subira ni kazi, tena kazi ya sulubu, na Mwanatumu hakuwa akifanya kazi yoyote. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mdomo uliotoka kung'olewa jino, unajiuma shavu na huna habari.

Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa msichana wa Tiwi mwenye ulimi, na msukaji wa makuti, na makuti ndiyo yaliyomletea mume. Mume mwenyewe, Tembo, alikuwa utingo wa lori lililokuja kununua makuti ya kuezekea hoteli. Akayahesabu, akakosea, Mwanatumu akamcheka mbele ya wenzake, akahesabu tena, akakosea tena. Juma lililofuata alikuja bila lori, na mama yake Mwanatumu akajua hakuja kwa ajili ya makuti. Walizaa mabinti watatu. Wakubwa wawili waliolewa Lunga Lunga, akabaki Jumwa, kitindamimba.

Baadaye Tembo alipata kazi katika hoteli moja ya Galu, kwenye chumba cha michezo. Mlikuwa na meza ya snuka humo, ule mchezo wa kugonga mipira kwa fimbo iingie matunduni, meza kubwa kuliko chumba walimokuwa wakilala, na kazi yake ilikuwa kukipiga brashi kile kitambaa cha kijani na kukipitishia pasi kila asubuhi, maana hewa ya bahari hukitia unyevu na mipira ikawa mizito. Basi jioni nyumbani kukawa hakuna hadithi nyingine. Unapiga mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena.

"Na anayeshinda anapata nini?" Mwanatumu alikuwa akimuuliza.

"Anapata kushinda."

"Haya. Kesho tutaupika huo ushindi tuone kama unaiva."

Jumwa alianza kufuatana na baba yake siku za likizo, mwanzo kumshikia brashi, halafu kushika fimbo mwenyewe. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa katika timu ya vijana ya Kenya, na kwa bahati mashindano ya kimataifa ya vijana yakaletwa pale pale Galu, kwenye meza ile ile ya Tembo na nyingine zilizoletwa kwa malori. Tembo akaitangaza habari hiyo mtaa mzima, hata kwa watu wasiojua snuka ni mnyama gani. Mwezi mmoja kabla ya mashindano, akafa.

Mwanatumu akakaa eda. Hatoki, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake haonani naye. Kwa hiyo shemeji yake Sanga, mdogo wa marehemu, alipokuja na shauri lake, aliketi ukumbini na yeye Mwanatumu akabaki chumbani, pazia likiwa katikati. Jumwa alikuwa upande wa ami yake, maana ndiye aliyempelekea chai.

"Shemeji, wale watu wa snuka wamenipigia simu," Sanga akasema. "Wanataka kujua mtoto atacheza au jina lake liondolewe. Kuna wanaosema ni aibu, kaburi la babake bado bichi. Mimi naona marehemu alilitaka jambo hili kuliko chakula. Lakini mtoto ni wako. Wewe ndiwe wa kusema."

Mwanatumu alikuwa na kuti mapajani. Aliacha kusuka, akajaribu kutafuta ndani yake kama kuna kitu anachokitaka, kumtuma mtoto au kumzuia. Hakupata kitu. Hilo lilimshangaza kidogo, kwa sababu Jumwa ndiye aliyebaki naye, na kwa siku nyingi sasa alikuwa akimtazama kama anavyomtazama mtoto wa jirani: amekula, ameoga, basi. Alijua kwamba hali hii ikiendelea atampoteza huyu naye, hali amekaa naye nyumba moja. Alilijua jambo hilo vizuri sana, lakini halikumtetemesha.

"Aende," akasema.

"Umesikia, Jumwa? Mamako ameridhia."

"Nimesikia, ami."

Sauti ya Jumwa ilikuwa ya kawaida, ya mtoto mwenye adabu. Uso wake Mwanatumu hakuuona, na akaendelea na kuti lake.

Siku ya mchezo alikuja Nafula, jirani yao, Mama Trevor, mtu wa Kakamega anayekata vitunguu katika jiko la hoteli moja huko Diani. Ilikuwa zamu yake ya kupumzika. Aliingia chumbani na simu yake, akaiegemeza kwenye kopo la maziwa.

"Mama Jumwa, weka hayo makuti chini. Leo ni kuangalia tu, inaonyeshwa live. Cheki vile amependeza! Utadhani ni wakili."

Jumwa alikuwa na kizibao cheusi, tai ya kipepeo na hijabu. Mwanatumu hakuwahi kumwona akicheza hata siku moja. Chumba kile cha michezo kilikuwa cha Tembo na wageni wake. Sasa alimwona akiizunguka meza polepole, akiinama, akipiga, mipira ikiingia tunduni bila kelele. Alikuwa akicheza na msichana wa Misri, mwembamba, naye hodari. Walishindana, huyu fremu moja, yaani duru moja, na yule moja, mpaka wakawa sare, mbili kwa mbili. Nafula alikuwa amekwisha kuwa mtaalamu na anapiga kelele kila mpira. Mwanatumu alitazama kama anavyotazama mvua.

Katika fremu ya tano, ya mwisho, ikabaki mipira miwili, wa waridi na mweusi. Msichana wa Misri alikosa, na ule wa waridi ukasimama mbele kabisa ya tundu. Jumwa akiutia huo ameshinda, maana mweusi peke yake hautamtosha mwenzake kumfikia. Picha ikamsogelea usoni.

Uso ule Mwanatumu aliujua. Haukuwa na hofu wala hamu, haukuwa na kitu. Ndio uso aliokuwa akiuvaa yeye mwenyewe, chumbani humu, tangu siku ile ya viatu.

Jumwa alisimama wima, akailaza fimbo yake ukingoni mwa meza, akamwendea mwenzake na kumpa mkono wa kukubali kushindwa. Msichana wa Misri hakuupokea mara moja; alimtazama mwamuzi kwanza, kana kwamba anauliza kama inaruhusiwa.

"Wee! Anafanya nini huyu?" Nafula akaruka. "Ameachilia? Huo mpira uko mdomoni mwa tundu! Hata mimi na haya macho yangu ya vitunguu ningeutia!"

Gari la hoteli lilimteremsha Jumwa alasiri. Nafula, ambaye kwa kawaida haondoki mpaka afukuzwe, alijifunga leso yake akaenda zake bila kuambiwa. Jumwa akaja chumbani, akaketi mkekani na kizibao chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Ule mpira ulikuwa rahisi," Mwanatumu akasema.

"Ulikuwa rahisi."

"Sasa ikawaje?"

Jumwa alikuwa akihangaika na ndoana ya tai yake. "Ningeutia, ningeshinda. Ningeshinda, kesho ningerudi tena mle ndani. Kila nikiinama nakiona kile kitambaa kimepigwa pasi, nami najiuliza ni nani aliyekipiga."

"Si ulitaka kwenda?"

"Wewe ndiye uliyesema niende."

"Ungesema hutaki, mwanangu."

"Ningesemaje mbele ya ami? Na baba amekufa akilitaka jambo lenyewe?" Sauti haikupanda. "Nilikuwa pale mkekani namwomba Mungu unikataze. Wangesema mjane amekataa, na hakuna ambaye angenilaumu. Nilingoja, mama. Ukasema neno moja tu."

Mwanatumu aliyasikia maneno yote, moja moja. Alitaka yamchome. Alijua ni haki yao kumchoma, na alikaa akiyangoja, lakini yalipita mbali kidogo na pale alipokuwa.

Ukumbini kukasikika hodi ya Sanga, hodi ya mtu aliyetembea upesi na ana neno.

"Huyo mtoto yumo? Tumekaa maskani watu wazima kwenye simu moja, tunamwombea dua, yeye anakwenda kumpa mkono Mmisri kama wamekutana arusini! Mpira uko wazi! Mtaa mzima unaniuliza mimi. Nani aliyemtuma kufanya vile?"

Jumwa alifungua kinywa. Mwanatumu akamshika goti.

"Mimi, shemeji."

"Wewe?"

"Nimemkataza mimi. Nilimpigia simu nikamwambia akishafika mwisho aache, arudi nyumbani kwake. Kama una ugomvi, ni wangu."

"Lakini shemeji, mimi nilikuuliza hapa hapa. Ukasema aende."

"Nilisema, na nilikosea. Ilinipasa kumkataza siku ile ile. Haendi tena huko, na wakikupigia simu waambie mama yake hataki."

Ilisikika sauti ya Sanga akiguna tu, maana ugomvi na mjane ndani ya eda mtu mwenye heshima zake hauwezi. Akaaga kwa unyonge, akaondoka.

"Mama, hukunipigia simu," Jumwa akasema polepole.

"Sikukupigia."

Jumwa akaanza kulia, kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka. Mwanatumu alimvuta kichwa akakilaza mapajani. Machozi yake mwenyewe hayakuja. Alimfungua ile tai shingoni iliyokuwa imemshinda, akamwacha alie.