Shangazi na Mgeni wa Benchi la Tatu

Shangazi yangu hakuwahi kutega sikio akiwa amevaa viatu. Tukifika benchi la tatu, kando ya bwawa, alivivua na kukanyaga udongo mtupu. Alisema viatu vina kelele hata mtu akiwa amekaa. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili, kila asubuhi ya msimu, kabla ya kwenda kushona mashuka ya hospitali.

Alikuwa mmoja wa wahesabu ndege wa hifadhi ndogo iliyo nyuma ya kiwanda cha rangi. Kila mwaka ndege wadogo waimbao huja wakikimbia baridi ya kwao, na wahesabu huandika siku wanayotua. Aliyemngoja zaidi ana rangi ya jani kavu; haonekani kirahisi, hujulikana kwa sauti. Alimwita Mgeni. Mwenye zamu sharti amsikie mwenyewe. La kuambiwa haliandikwi, na asiyesikia hana zamu. Sheria hiyo aliitunga Shangazi.

Mwaka jana nilianza kumsindikiza, maana magoti yalikuwa yamemchosha. Siku ya tisa tulikuwa bado tunaambulia patupu. Mimi nilikuwa na usingizi; yeye alikuwa na ule uchovu usioondoka kwa kulala.

Ghafla akanishika mkono. "Huyo! Umemsikia?"

Nilichosikia ni gurudumu la toroli la mfagiaji. Tayari alikuwa ameandika saa. Toroli likalia tena, jirani zaidi, naye akainua kidole: "Huyo tena!"

Mfagiaji akacheka mpaka akaegemea fagio. "Mama, ndege wako huyu nimemsukuma tangu getini. Anataka grisi tu."

"Na wewe unataka ushonwe mdomo," Shangazi akamjibu, akacheka naye. Ila alipoifuta ile saa, alifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Mfagiaji akaenda zake. Tukakaa. Kisha, juu ya vichwa vyetu hasa, Mgeni akaimba, sauti ikishuka polepole kama mtu anayeteremka ngazi. Mara ya pili. Ya tatu. Shangazi alikuwa anatazama bwawa, shingo kaipinda, hana habari. Ningemwambia, "Umemsikia, sivyo?" huenda angeitikia, na zamu ingebaki yake.

Akanigeukia, akanisoma uso.

"Ameimba?"

"Ameimba, Shangazi. Mara tatu."

"Yuko wapi?"

"Hapo juu yako."

Hakuinua macho. Akanipa kalamu na karatasi yenye tundu, akangoja mpaka nikaandika saa na jina langu.

Nikamsindikiza mpaka kwake. Moyo wake ulisimama kesho yake mchana, akiwa kwenye cherehani, na mimi sikuwa nimeonana naye asubuhi. Alikuwa amenikataza, pale mlangoni kwake tulipoagana:

"Kesho usinipitie, mwanangu. Mwenye masikio ni wewe. Haya yangu yamebaki ya kutundikia hereni."