Safari ya Kumwona Espoir Kabla Barafu Haijakomaa

Sikuondoka Missouri City, Texas, kwa kupenda baridi. Niliondoka kwa sababu baba yangu alipiga simu kutoka Nakuru akiwa amepandwa na hasira. Mdogo wangu Naomi, anayeishi Dallas, alikuwa amemwambia kwamba anataka kuolewa na Mkongo aitwaye Espoir, mzaliwa wa Uvira. Walijuana kanisani kwenye mtaa wao wa Vickery Meadow, kisha Espoir akahamia Minnesota kufanya kazi katika kiwanda cha nyama ya batamzinga.

Kwetu, kabla ya kumtoa binti, lazima mtu aende akaone kwao mwanamume. Kwao Espoir kulichomwa vitani, na wazazi wake walizikwa katika kambi ya wakimbizi. Baba si mtu wa roho mbaya, lakini aliniuliza: "Siku mambo yakiharibika huko kwenu, mimi nitampigia nani simu?"

"Wewe ndiye mkubwa huko," akaendelea. "Nenda ukae naye, ule kitu alichokipata kwa mkono wake, halafu uniambie. Ukisema hapana, basi ni hapana."

Basi nikaomba ruhusa hospitalini ninakofanya kazi ya uuguzi, nikapata siku tano. Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba, na pale Missouri City watu walikuwa bado wanakata majani ya uwanjani wakiwa na kaptura.

Alhamisi asubuhi nilifika Dallas. Naomi alinisubiri nje ya nyumba yake akiwa na koti alilomnunulia Espoir na chupa kubwa ya chai ya maziwa kwa ajili yangu.

"Kaka Daudi, please, usimgrill kama polisi," alisema. "Ni mtu mpole."

"Upole nitaupima mwenyewe."

"Na kama hutampenda?"

Machozi yalikuwa yanamlengalenga, nami kwa ukaidi wangu nikajifanya nahangaika na buti la gari. Niliipata barabara kuu namba thelathini na tano, iendayo kaskazini, pale pale mjini na sikuiacha tena mpaka siku ya pili. Nilivuka Oklahoma nikiimba, nikaingia Kansas nikiwa nimenyamaza, na usiku nikalala hoteli ya kando ya barabara ambako mhudumu aliangalia namba za Texas kwenye gari langu kisha akaangalia viatu vyangu, akanionea huruma.

Ijumaa, katikati ya Iowa, nilipata adabu. Magari makubwa yalikuwa yakirusha tope la chumvi kwenye kioo changu, nami nikabonyeza maji ya kuoshea. Hakuna kilichotoka. Mtu wa Texas hujaza maji ya bomba, na maji ya bomba huko yanaganda humo humo tangini. Nikasimama pembeni, kioo kimekuwa cheupe, na akili yangu yote ya shule ikanituma nikimwagie kile kioo chai ya Naomi. Ilisafisha kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha maziwa na sukari vikagandia pale pale, na nikaendesha mpaka kituo cha mafuta nikichungulia kwenye kitundu kidogo cha upande wa chini. Pale dukani waliniuzia maji ya rangi ya buluu yasiyoganda, nao walicheka mpaka nami nikacheka.

Jioni ya siku hiyo nilifika kwa Espoir. Ni mashambani kabisa, nyumba na nyumba haziitani. Anapanga kijumba cha uani kwa mzee mmoja Mzungu, mkulima aliyefiwa na mkewe, jina lake Karl. Espoir alitoka mbio bila koti, kijana mrefu mwembamba, akaupokea mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniita shemeji kwa Kifaransa cha kwao.

"Karibu sana, bofreri. Mulifika muzuri?"

"Nimefika. Koti lako hili, livae kabla hujafa."

Alilipokea, akalinusa, akacheka kwa haya. Nilimwonea huruma saa ile ile, lakini nikajikumbusha kwamba sikutumwa kuona huruma.

Mezani aliniambia mpango wake. Kesho tungekwenda ziwani na mzee Karl, aliyemfundisha uwindaji wa kulungu na kuvua samaki kwa kutoboa barafu. "Baba alisema mukule kitu ya mukono yangu," alisema. "Nitawapatia samaki. Ile kubwa." Nikaona ameshajua kwamba mlo huo ndio utakaompa mke au kumnyima.

Jumamosi asubuhi tulikwenda. Nyinyi mlioko nyumbani, ziwa lililoganda msilifikirie kama sakafu. Lilikuwa jeusi, halina theluji juu, na lilikuwa linanguruma kwa chini, mngurumo mrefu unaokimbia kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Karl alisema mwaka huo baridi imechelewa. Mtu anahitaji inchi nne za barafu ili atembee, akasema, na kwa gari ungoje mpaka katikati ya majira ya baridi.

Alitangulia na mtaimbo, akipiga kila baada ya hatua chache. Espoir alimfuata na keekee ya mkono ya kutobolea barafu na ndoo, nami nyuma kabisa, nimevaa makoti mawili ya watu. Karibu na ufuko mtaimbo uligonga na kuruka. Mbele kidogo ulizama kwa mapigo matatu. Mbele tena, pigo moja tu, na maji yakapanda kupitia tundu yakaizunguka buti ya mzee.

"Inchi mbili," akasema Karl kwa Kiingereza, akasimama.

Mbali mbele yetu kulikuwa na wanaume wawili wamekaa juu ya ndoo zao, wanavua bila wasiwasi.

"Na wale je?" nikamuuliza Espoir. "Si wako juu ya barafu hiyo hiyo?"

Aliwatazama kwa muda mrefu. Karl alimwachia aamue. Niliona jinsi Espoir alivyokuwa akiyapima mambo: kule kuna samaki, na hapa kuna mimi, mjumbe wa baba mkwe.

"Bofreri, turudie," akasema.

"Nimeendesha siku mbili, Espoir. Baba ataniuliza nimekula nini."

"Najua. Hii haya ni yangu, nitaibeba. Lakini siwezi kupeleka mutoto ya watu pale."

Mtoto wa watu ndiye mimi, mwenye miaka arobaini na tano na kitambi. Nilikasirika. Niligeuka nikarudi kwa njia ile ile tuliyojia, nikijisemea kwamba mwanamume anayeshindwa na ziwa atamwezaje dada yangu. Na ili msidhani nawatungia hadithi: wale wawili walirudi salama saa nane mchana. Walipita mbele ya nyumba ya Karl, na mmoja akanyanyua samaki wawili wanene ili tuwaone. Espoir alikuwa anapasua kuni. Aliinamisha kichwa, akaendelea kupasua.

Jioni tulikula watatu. Karl alikuja amefunga tai, kwa kuwa Espoir alikuwa amemwomba akae naye kama mzazi. Kulikuwa na ugali, sombe ya majani ya muhogo, na sufuria ya nyama ya kulungu iliyochemka siku nzima. Nilionja. Nyama ilikuwa tamu ajabu, na moyo wangu ukalegea. Njaa nayo ilisaidia, sikatai.

"Afadhali," nikasema. "Samaki hakuna, lakini kulungu yupo. Nitamwambia Baba nimekula windo la mkono wako."

Karl hakujua Kiswahili lakini alisikia sauti ya furaha, akamtazama Espoir akitabasamu. Espoir aliacha kula.

"Hapana, bofreri. Hii ni ya muzee. Mimi musimu yote sikupata kitu. Teluji ilichelewa, nyama za pori haziachi nyayo. Nilitembea bure."

Kisha akamgeukia Karl, akamweleza kwa Kiingereza aliyokuwa ameniambia. Mzee alipiga meza kwa kiganja. Kumbe ndiye aliyempa ile nyama na kumsihi aseme ni yake, na walikuwa wamekubaliana hivyo tangu wiki iliyopita.

"Tulikubaliana!" Karl akafoka.

"Ndiyo," Espoir akamjibu. "Lakini amenisifu akiwa anakula. Siwezi kumdanganya mtu mezani kwangu."

Hapo hasira yangu ya kule ziwani iliniaibisha. Nilikuwa nimejaribu kumsukuma yule kijana kwenye maji kwa sababu ya kitoweo.

Jumapili nilianza safari ya kurudi. Nilisimama Iowa mchana, Nakuru ikiwa usiku, nikampigia Baba kwa kadi ya simu.

"Umekula samaki wake?"

"Hapana. Barafu ilikuwa nyembamba."

"Nyama?"

"Ya mwenye nyumba wake."

"Sasa umeona nini huko?"

Nikamweleza yote, hata sehemu yangu mbaya. Nikamwambia nilikwenda kuangalia kama kijana anaweza kuleta chakula nyumbani, na kumbe jambo kubwa ni kama anaweza kurudi mikono mitupu mbele ya watu na bado akasema kweli. "Mimi nasema ndiyo, Baba," nikamaliza.

Kadi ilikuwa inakwisha.

"Huyo mzee wa tai," akasema hatimaye. "Ana paspoti?"

Usiku huo, kutoka Kansas, nilimpigia Espoir, nikamwambia Baba anawangoja Nakuru, yeye na mzee wake. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha kilio cha mtu mzima ambacho hakikutaka kusikika. Akampa Karl simu. Mzee aliniuliza kama ni kweli anahitajika Afrika, na mzazi husema maneno gani siku ya posa.

"Utasimama useme, huyu ni mtoto wangu," nikamwambia. "Akikosea, nipigieni mimi."

Akayarudia taratibu, neno kwa neno, kama anayeyaandika mahali.