Shairi la Binti Aliyemfuata Ng'ombe

Kabla sijaanza shule, baba alikuwa akinisomea kitabu kimoja tu, kwa sababu hatukuwa na kingine. Kilikuwa na hadithi ya binti mdogo aliyemfuata ng'ombe wao aliyepotea, akavuka mbuga peke yake hadi akampata. Baba wakati huo alikuwa karani wa ghala la ushirika pale Misigiri. Jioni alirudi na vumbi la alizeti kwenye nyusi, akanipakata, akasoma. Mlio wa ng'ombe aliutolea puani. Nilimpenda yule binti kuliko watoto wote wa jirani.

Kisha wakaja wafanyabiashara na malori yao, wakawa wananunua alizeti huko huko mashambani. Ghala likafungwa. Baba akabaki nyumbani. Hakugombana na mtu, hakulewa, alinyamaza tu. Mama akaanza kuuza mitumba gulioni, na ndiye aliyenisomesha sekondari Kiomboi.

Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa Kiswahili alitutaka tutunge shairi juu ya mtu tunayempenda. Wenzangu waliandika juu ya mama zao. Mimi nilimwandika yule binti:

Nenda binti na nyayozo, ng'ombe yuko uwandani,
Mbele kiza si kikwazo, mrudishe kijijini.

Likizo nilirudi nalo nyumbani. Nilitaka kwanza nikitazame kitabu, nihakikishe rangi ya gauni lake. Sikukiona. Nikamwuliza mama, aliyekuwa akipepeta uwele. Alinijibu kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, kwamba kitabu kimekwisha. Baba alikuwa akichana karatasi zake na kusokotea tumbaku.

"Hata zile za picha?"

"Zile zilikuwa nzito. Alizimalizia mwisho."

Nikamfuata baba uani.

"Shikamoo baba. Nimetunga shairi."

"Marahaba. Lisome."

Nilisoma nimesimama, kama darasani. Alisikiliza akitazama chini. 

"Umemwacha mbwa wake," alisema nilipomaliza. "Alikuwa na mbwa mwekundu, alitangulia mbele."

Akaanza kuisema habari ya yule mbwa, neno kwa neno, kwa sauti ile ya zamani. Alipofika pa ng'ombe, kikohozi kikambana. Hakuendelea.

"Nisamehe, mama," akaniambia. "Mikono ilikosa kazi."

Nilikuwa na hasira, lakini nilishindwa kuitoa mbele ya mtu aliyeinamisha kichwa namna ile. Niliingia ndani nikatunga ubeti wa mbwa. Nilipotoka kumsomea, alikuwa amesinzia kitini.

Alifariki kwa ugonjwa wa kifua nikiwa kidato cha nne. Tangu hapo nimekitafuta kitabu kile kwenye meza za vitabu vikuukuu mjini Singida. Sijakiona, wala sijakutana na mtu anayekijua. Shairi bado ninalo. Wanangu niliwasomea mara moja. Wakauliza kama yule ng'ombe alikuwa wa maziwa, kisha wakatoka kwenda kucheza.