Lori Lililozibwa Pumzi

Lori la kijiji chetu cha ujamaa, kule Mzenga, lilikuwa bovu, na dereva wake nilikuwa mimi. Asitokee mtu wa kunidanganya kwamba magari ya siku zile yalikuwa imara. Spea hazikuwepo, na kila kitu chini ya boneti nilikifunga kwa vipande vya tyubu. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo moshi ulipenya ukashuka hadi kwenye oili, halafu ukatafuta njia ya kutokea. Injini nayo hupumua, bwana. Ilipumulia kwa bomba moja lililoning'inia ubavuni mwake, na mdomo wa bomba hilo uliishia chini ya miguu ya abiria. Sakafu ilikuwa na matundu, basi aliyekaa mbele alivuta moshi njia nzima.

Siku hiyo mbele alikaa mke wangu, amempakata mtoto wetu wa kwanza. Mtoto alikuwa na homa kali, na alfajiri alishikwa na degedege. Zahanati walituambia tumkimbize Kibaha, wao hawana la kufanya. Nyuma, juu ya magunia ya korosho, alipanda mama mkwe wangu. Mbele nafasi ilikuwepo, lakini kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai bega kwa bega. Hatutazamani usoni wala hatusemezani. Tangu nioe, akiwa na neno nami alimwambia binti yake, nami nikalisikia nikiwa chumba cha pili. Niliona ndiyo adabu, na sikuwahi kuichoka.

Tulisimama kwenye kijito nichote maji ya rejeta. Mtoto alikuwa anakohoa ule moshi mpaka macho yanamgeuka. Nilimsikia mkwe akishuka, nikampa mgongo kama ilivyonipasa, nikajaza maji taratibu mpaka niliposikia amepanda tena. Tukaondoka.

Hatukufika mbali. Kwanza ilikuja harufu ya oili inayoungua, kisha moshi ukafumka kwenye boneti na taa ya oili ikawaka nyekundu. Nikazima. Nilipofungua nilikuta kijiti cha kupimia oili kimerushwa nje, na oili imetapakaa juu ya ekzosi inachemka. Nilijua injini imekufa, na barabara ile gari jingine lingeweza kupita kesho au lisipite kabisa.

Mke wangu alimkabidhi mama yake mtoto kwenye kivuli cha lori, akajifunga kanga kiunoni, akakata njia ya mkato mashambani kutafuta baiskeli ya kuazima.

Mimi nikauvamia ule mpira mwembamba, unaovuta hewa kutoka kwenye breki kwenda kwenye injini. Nilikuwa nimeuzungushia tyubu mwenyewe juzi yake, nikaona ndio huo tu, umevuja. Nikaufungua, nikaufunga, nikautukana matusi ambayo mkwe hapaswi kuyasikia. Nilipowasha, oili iliruka upya ikaniunguza mkono. Nikazima. Mtoto alikuwa hakohoi tena, na ukimya ule ulinitisha kuliko kikohozi.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, ya chini sana. Mkwe alikuwa amegeukia upande wa pili, kanga imemfunika uso, anamsemesha mtoto. "Mjukuu wangu, mwambie baba yako atazame lile bomba la chini."

Mtoto angesema nini? Macho yake yalikuwa nusu wazi, meupe. Na mimi, kwa mazoea, nilisimama pale na spana mkononi nikingoja kuambiwa. Tulingoja wote wawili, watu wazima na akili zetu.

"Baba," mkwe akasema, na safari hii alikuwa anasema nami. "Nimeliziba mimi. Moshi ulikuwa unamuua mtoto."

Nikajitupa chini ya lori. Mdomo wa bomba ulikuwa umeshindiliwa gunzi la hindi lililoviringishiwa kitambaa, vilevile tunavyoziba madumu ya mafuta ya taa nyumbani, kazi safi kabisa. Nilipolichomoa, injini ilishusha pumzi ndefu yenye joto. Nikamimina oili yote niliyokuwa nayo akiba kwenye kopo, nikawasha. Taa ya oili ilizimika.

Kumngoja mke wangu hatukuweza. Mkwe alipanda mbele na mtoto, akashikilia kanga yake ya pili ikawa pazia kati yake na mimi. Nikaendesha kwa woga ambao sijaujua tena maishani. Kutoka nyuma ya kanga aliniambia kila baada ya kona, "Anapumua." Nikaitikia, "Haya, mama." Tukafika Mlandizi, tukashika lami, "Anapumua."

Halafu akanyamaza.

Nilingoja kona inayofuata, na nyingine. Sikuthubutu kuuliza. Kanga ilikuwa imenyooka vilevile, na mimi nilikanyaga mafuta nikitazama mbele tu, jasho linaniingia machoni. Nilijiambia amechoka kusema. Sikuamini.

Langoni mwa hospitali nesi alifungua mlango wa upande wake, akamchukua mtoto, akamwekea sikio kifuani. "Mnashangaa nini? Yuko hai huyu, leteni shuka!" Akakimbia naye ndani.

Mkwe alishuka, akakaa mavumbini. Kanga ilikuwa imeanguka. "Nilijua amekufa," akasema. "Tangu Mlandizi. Nikasema nikikuambia utaliangusha gari."

Nikashuka nikazunguka lori. Kwa mila zetu sikuwa na ruhusa ya kumgusa, na pale palikuwa na watu wanatutazama. Nikamshika mikono yote miwili, nikamwinua, tukaingia ndani pamoja.